Shukrani kwa fundi uliyetundika picha

Kwako uliyetusaidia kutundika maonyesho ya bure katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere, ukaondoka bila kuacha jina: ahsante sana, Mungu akuzidishie.

Wageni husifu michoro. Wachache hujiuliza kwa nini shingo haziwaumi. Ulipima kila picha katikati yake, si ukingo wa juu, ukaiweka sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa hiyo ndogo na kubwa zikakaa usawa mmoja wa macho. Zile nzito ukazipa ndoano mbili, maana kwenye msumari mmoja picha huenda upande kila mlango unapobamizwa.

Ahsante zaidi kwa taa. Rangi za maji hazikuzidi laksi 50 za mwanga, za mafuta 200, na dirisha la magharibi ukalifunga pazia. (Walionung'unika joto wavumilie; karatasi ikishapaushwa na jua hairudi.) Na vile vipande vya kizibo nyuma ya fremu, vya kupitisha hewa ukungu usiote, tumeviona.

Chuo kilichowalea wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau kinastahili mkono kama wako. Ngazi yako ipo stoo.