Gesti zetu zibandike bei na zitaje kasoro zake mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja inayorudiwa kila panapozungumzwa utalii wa mikoa ya Lindi na Mtwara, kwamba wageni hawakai huku kwa sababu hatuna hoteli kubwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Lindi Mjini, na mwezi Juni mwaka 2025 nililala siku sita katika hoteli ndogo ya bei nafuu jijini Berlin, Ujerumani. Niliyoyaona huko yamenifanya niamini kuwa hoja hiyo imekosa shabaha.

Nilikwenda Berlin kwa fedha za korosho nilizoweka akiba kwa misimu mitatu, ili nione kwa macho yangu mifupa ya mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa mkoani kwetu Lindi, iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na kubebwa na watu wa huku kwetu, kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi habari za kiunzi kile chenye kimo cha mita 13.27 bila kukiona. Suala la mifupa yenyewe lina mjadala wake, nami sitaliingiza hapa. Leo nataka kueleza mahali nilipolala.

Anayeomba viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na ada ya viza yenyewe kwa mtu mzima ni euro 90, ambazo hazirudishwi ukinyimwa. Kwa sababu hiyo nilitafuta chumba ambacho ningeweza kukifuta bila gharama endapo ubalozi ungekataa, na kijana wangu akanisaidia kukipata katika eneo la Wedding, karibu na barabara ya Seestraße, vituo vitano tu kwa treni ya chini ya ardhi hadi penye makumbusho yenye mifupa ile. (Si mbali na hapo kuna barabara ambayo hapo mwanzo ilipewa jina kwa heshima ya Carl Peters, mwasisi wa ukoloni wa Kijerumani huku kwetu, na ambayo tangu mwaka 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama chini ya kibao kile kwa muda mrefu, nikiwakumbuka wazee wa Umatumbi, ambako vita vya Maji Maji vilianzia.)

Bei ya chumba ilikuwa euro 58 kwa usiku. Lakini kilichonishangaza tangu nikiwa bado Lindi ni kwamba hoteli ile ilitangaza yenyewe kasoro zake, zile ambazo wenye biashara wengi wa kwetu wangezificha hadi mgeni awe ameshatua mzigo: kwamba iko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti, kwamba bafu na choo viko nje ya chumba na hutumiwa na vyumba vitatu, kwamba dirisha linatazama barabara ya tramu, kwamba mapokezi hufungwa saa moja jioni, na kwamba chai ya asubuhi ni euro 9 za ziada kwa anayeitaka.

Nilifika saa tatu usiku, jua likiwa bado halijazama, maana mwezi Juni huko magharibi huingia kama saa tatu na nusu. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyoambiwa. Pembeni palikuwa na kisanduku cha chuma chenye tarakimu, na namba ya kukifungulia nilikuwa nimetumiwa siku moja kabla. Ndani yake nikakuta funguo mbili na bahasha iliyoandikwa jina langu. Nilipanda zile ngazi na begi langu, magoti yakiniuma, na sikuwa na wa kumlaumu kwa kuwa nilikuwa nimeshaambiwa.

Nyuma ya mlango wa chumba palitundikwa karatasi moja ndani ya fremu ya mbao. Ilitaja bei ya chumba kile kwa mtu mmoja na kwa watu wawili, bei ya chai, kodi ya jiji inayotozwa juu ya malazi, ambayo Berlin ilikuwa asilimia 5 na ikapandishwa kuwa asilimia 7.5 kuanzia Januari 2025, saa ya kuondoka, na saa ya utulivu inayoanza saa nne usiku. Nilisoma karatasi ile mara mbili kwa msaada wa simu. Baadaye mwenye nyumba, mzee wa makamo yangu, alinieleza kuwa orodha iliyoko mapokezi si hiari yake, kwa sababu kanuni za Ujerumani za kuonyesha bei zinamtaka kila anayelaza wageni aweke mlangoni au mapokezi, mahali panapoonekana, bei za vyumba na ya kifungua kinywa. Ile ya chumbani aliiweka mwenyewe, alisema, ili mgeni asilazimike kushuka kuuliza.

Chai ya asubuhi niliinywa siku zote sita. Ilikuwa mikate midogo ya duara, jibini, yai la kuchemsha, jamu, na sahani ya nyama iliyokatwa nyembamba ambayo mbele yake palisimamishwa kikaratasi chenye picha ya nguruwe. Mzee yule hakuwa ameniuliza dini yangu, wala sikumweleza. Aliweka kikaratasi kile kwa ajili ya mgeni yeyote ambaye angehitaji kujua. Siku ya kuondoka alinipa risiti ambayo kila kitu kilikuwa na mstari wake: malazi, chai, kodi. Jumla ililingana na hesabu niliyokuwa nimeipiga nikiwa bado Lindi.

Sasa nieleze yaliyonipata nyumbani. Msimu wa korosho uliotangulia safari ile, nilikwenda Mtwara na mke wangu kwa matibabu yake, nikapiga simu kwenye gesti moja na kuambiwa chumba ni shilingi 20,000 na chai imo. Tulipofika saa mbili usiku, mhudumu alisema ni 30,000 kwa kuwa wanunuzi wa korosho wamejaa mjini, na kwamba chai ya bure ilikuwa zamani. Hapakuwa na karatasi yoyote ukutani ya kumwonyesha kidole. Tukalipa, kwa kuwa mke wangu alikuwa hawezi kusimama tena. Saa tano usiku alihitaji kuoga, bomba likawa kavu, nami nikazunguka uani nikitafuta ndoo huku muziki wa baa ya jirani ukitikisa vioo vya dirisha. Shilingi 10,000 zile hazikuniumiza kama namna mke wangu alivyoketi ukingoni mwa kitanda akisubiri maji, akiniomba nisigombane na mtu.

Sisemi kwamba kila cha Ulaya ni bora. Choo cha hoteli ile hakikuwa na maji ya kujitawazia, ikanibidi nitunze chupa ya sharubati na kuijaza kwenye sinki kila mara. Usiku hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia pole na safari, na kama funguo zisingekuwa kwenye kile kisanduku sijui ningelala wapi. Gesti zetu zina mlinzi anayekufungulia saa nane za usiku na mama wa jikoni atakayekuuliza kama umekula. Huo ni utajiri tulionao tayari, na unasikitisha unapoharibiwa na bei inayobadilika mlangoni.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi na madiwani wa halmashauri za Lindi na Mtwara jambo moja dogo. Maofisa wao hupita kwenye nyumba za wageni kukusanya ushuru na kukagua leseni. Waongeze katika ukaguzi huo sharti la karatasi mbili, moja mapokezi na nyingine nyuma ya mlango wa kila chumba, zenye bei ya kawaida, bei ya msimu wa korosho na ya siku za Nanenane kama ni tofauti, kama chai imo au haimo, saa za maji na za jenereta, na kama kuna baa jirani. Bei ya msimu kupanda ni haki ya mfanyabiashara. Ninachopinga ni mgeni kuijua akiwa ameshashika begi mkononi usiku. Karatasi hizo hazihitaji mkopo wa benki wala ghorofa mpya, na anayekwenda Kilwa Kisiwani, Mikindani au Tendaguru yenyewe ataweza kupanga safari yake akiwa bado kwao, kama nilivyopanga yangu.

Wenye gesti wasisubiri kushurutishwa. Nimeandika mfano wa karatasi hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza, na nyumba mbili za hapa Lindi zimekubali kuitundika. Mwenye moja aliniomba nifute mstari wa baa jirani, tukabishana kwa heshima, mwishowe akauacha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Lindi Mjini