YAH: Malalamiko kuhusu hachi zinazoharibika katika toleo jipya la programu yenu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi yetu ya usanifu majengo hapa Dar es Salaam inalipia leseni ya programu yenu ya uchoraji kila mwaka. Tangu tulipoweka toleo jipya, kila tufunguapo michoro ya zamani hachi zake, yaani ruwaza za mistari au vidoa zinazojaza eneo kuonyesha aina ya nyenzo, huwa zimeharibika: mistari ya mshazari ya ukuta wa matofali inakatika ngazi ngazi, na vijidoa vya zege vinarundikana upande mmoja.

Mafundi wenu walituelekeza tutumie amri za AUDIT na RECOVER, za kukagua na kuokoa faili zenye hitilafu, kisha wakatushauri tuchore upya. Ushauri huo haugusi kiini cha tatizo. AUDIT hukagua muundo wa faili, nayo inajibu kuwa hakuna kosa, kwa sababu kilichovurugika ni nukta ambayo ruwaza huanzia kupangwa. Michoro yetu iko kwenye mfumo wa UTM (viwianishi vya ramani vinavyohesabiwa kwa mita) kama ilivyotoka kwa mpima ardhi, ambapo kwa Dar es Salaam namba ya kaskazini inazidi mita 9,200,000. Toleo jipya linairudisha nukta hiyo kwenye 0,0, yaani chanzo cha viwianishi, mbali mno na jengo, umbali unaoifanya programu ipoteze usahihi wa desimali. Tulipoihamishia nukta hiyo kwenye kona ya jengo, mistari ya ukuta uleule ilinyooka papo hapo. Kuuhamisha mchoro mzima hatuwezi, maana utaachana na ramani ya upimaji.

Linalotuumiza zaidi ni kwamba hachi zimetenganishwa na mipaka yake. Ukuta ukisogezwa, hachi inabaki palepale na eneo lake la zamani, na mkadiriaji majenzi anayechukua humo mita za mraba za vigae anapata hesabu ya jengo ambalo halipo tena. Mistari iliyokatika kila mtu anaiona; kosa hili halionekani, na fedha zinazopotea ni za mteja.

Tunaomba mtoe marekebisho yatakayorejesha nukta za mwanzo na mipaka ya hachi kwa faili nyingi kwa pamoja, muwatahadharishe wateja wengine wanaotumia UTM, na hadi hapo mturuhusu kurudi kwenye toleo lililopita kwa leseni ileile bila malipo ya ziada. Tumeambatisha mchoro mmoja, kabla na baada ya kufunguliwa katika toleo jipya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msanifu Majengo Mkuu