Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mafunzo ya R na Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta, yalifanyika, warsha ya kuchambua mifuatano ya DNA ilifanyika, wageni tulipokea. Maelezo yamo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni.

Niende kwenye jambo lililozua maneno: uamuzi wangu wa kuondoa wasilisho letu kwenye kongamano la malaria siku chache kabla halijafunguliwa. Nimesemwa sana kwenye grupu la WhatsApp, wengine wakidai nimewaonea vijana wivu. Sikujibu kule. Najibu hapa.

Kikundi kazi cha vijana kilichoandaa wasilisho hilo kilichukua data za wazi za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kikalinganisha utendaji wa jeni zake kati ya wagonjwa mahututi na wenye malaria ya kawaida. Wakaja na orodha ya jeni 281 "zinazotofautiana", makofi yakapigwa. Sasa, jenomu ya kimelea huyu, yaani seti yake nzima ya vinasaba, iliyochapishwa mwaka 2002, ina jeni kama 5,300. Ukipima kila jeni kwa kigezo cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika kila vipimo 100, utegemee 265 zijitokeze kwa bahati tu, hata kama makundi yote mawili yanafanana kabisa. Sisi tulikuwa na 281! Njia ya Benjamini na Hochberg ya kurekebisha vipimo vingi, ili kuchuja yanayojitokeza kwa bahati, ipo tangu mwaka 1995, na humu imefundishwa. Niliifundisha mimi, na mahudhurio ya siku ile mnayajua wenyewe. Nilipoipitisha kwenye vipimo vya jeni zote, usiku, kwa kompyuta yangu na bando langu, zilibaki jeni tatu.

Hata hizo tatu zina walakini. Kimelea huyu akiwa ndani ya chembe nyekundu za damu hupitia mzunguko wa takriban saa 48, na jeni zake nyingi huwaka na kuzimika kufuatana na umri wake. Sampuli za makundi yetu mawili hazikuwa na vimelea wa umri mmoja, na jeni zote tatu ni za kupanda na kushuka na umri huo. Yaani tungesimama mbele ya madaktari kutangaza umri wa kimelea tukiuita ukali wa ugonjwa. Jina la chama lingebebwa na nani baada ya hapo?

Katibu anasema ningeitisha kikao kwanza. Kikao kipi, ndugu zangu? Vile vya mwisho vyote vimekosa akidi, na kimoja tulikaa mimi, mweka hazina na mlinzi wa ukumbi.

Fedha: wanachama 64, waliolipa ada 23, makusanyo shilingi 1,150,000, kongamano 800,000 ambazo hazikurudishwa, ukumbi na intaneti 290,000, bakaa 60,000. Malimbikizo ya ada ni shilingi 2,050,000. Wanaopiga kelele kuhusu hizo laki nane, nimeangalia daftari, wengi hawamo kati ya wale 23.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda na wafadhili wakijitokeza, kupata seva yetu na kurudia uchambuzi ule kwa kuzingatia umri wa vimelea. Vijana wana uwezo, hilo sijawahi kulikana. Mweka hazina yupo meza ya nyuma na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.