Kwa swahiba aliyekifunga kitabu

Swahiba yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu. Umenijazia kurasa tatu kwa mwandiko uliobanana, bila mchoro hata mmoja, kunieleza kwamba wewe ni mtu wa picha na maneno hayakuingii. Nami nikakuelewa barabara!

Ila pale mwishoni hukunichekesha. Unasema kile kitabu cha takwimu umekifunga kwa sababu umejaza dodoso la mitindo ya kujifunza na likakuambia hukuumbwa kwa vitabu. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia saa hizi badala ya kulala.

Madodoso hayo nayajua. Lililovuma zaidi ni la Neil Fleming wa New Zealand, la mwaka 1987, linalogawa watu makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Nililijaza zamani nikaambiwa mimi ni wa kusoma na kuandika, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Baadaye ndipo nilipojiuliza lilikuwa limenipima nini. Liliniuliza ninapenda nini, basi. Mimi napenda kusoma nikiwa nimejilaza, na kila nikijilaza nasinzia ukurasa wa pili.

Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walizipitia tafiti za mambo haya. Hoja yao hata sisi tungeweza kuifikiria. Chukua watu wa picha na watu wa maneno. Kila kundi ligawe nusu kwa nusu, hawa wafundishwe kwa picha, wale kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Kama mitindo hiyo ya kujifunza ni ya kweli, kila mtu atang'ara pale alipofundishwa kwa njia yake. Tafiti zilizofuata mpango huo zilikuwa za kuhesabika, na kadhaa zilitoa matokeo ya kinyume kabisa.

Sasa nikupe kisa changu ambacho sikuwahi kukusimulia kwa aibu. Unakumbuka mtihani ule wa mzunguko wa damu? Nilichora moyo mara kumi, kwa rangi, nyekundu huku, buluu kule, mchoro wa kutundikwa ukutani. Swali likaja: damu inayokwenda kwenye mapafu hutoka upande gani wa moyo? Nikajikuna kichwa, nikakumbuka mshale wa buluu ulikuwa kushoto mwa karatasi. Nikajibu kushoto. Nikakosa, na maswali matatu yaliyofuata yakaanguka pamoja nalo. Moyo huchorwa kama wa mtu aliyekuelekea, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Sentensi moja tu hiyo, chini ya mchoro, ingeniokoa. Mchoro ulinidanganya kwa uzuri wake: niliutazama nikadhani nimeelewa, kumbe nilikuwa nimeuzoea tu.

Usidhani nazipiga vita picha. Kuna jaribio la mwaka 1972 la John Bransford na Marcia Johnson ambalo nalipenda mno. Waliwasomea watu aya moja ya ajabu: maputo yakipasuka sauti haitafika, madirisha yakifungwa ni shida, waya ukikatika mambo yameharibika. Kila neno ni la kawaida, ila hakuna aliyejua kinachozungumzwa ni nini. Kundi moja lilionyeshwa picha kabla ya kusomewa: kijana yuko barabarani anampigia gitaa mpenzi wake aliye dirishani ghorofa ya juu, na spika imepandishwa huko kwa maputo. Hao walikumbuka mambo 8 hivi kati ya 14. Walioonyeshwa picha ile ile baada ya kusomewa hawakufika hata 4, sawa na wasioonyeshwa kitu. Na kundi jingine, hili ndilo linalonifurahisha, lilionyeshwa mapema picha yenye vitu vyote vile, kijana, gitaa, spika, maputo, lakini vimepangwa vingine. Wakaambulia 4 tu.

Kwa hiyo si picha kwa kuwa ni picha. Kilichowasaidia ni kuona nini kimeshikamana na nini, tena kabla maneno hayajawapita.

Najua utanirukia hapa: ina maana watu wote ni sawa? Hapana. Mimi nikiambiwa nifumbe macho nimwone farasi, naona giza. Ninajua ana miguu minne na singa, ila simwoni. Kwa miaka mingi nilidhani watu wakisema "naona akilini" ni namna ya kusema tu, mpaka wewe uliponiambia wako ana doa jeupe kwenye paji la uso! Francis Galton aliliona jambo hili tangu mwaka 1880 alipouliza watu waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, na mwaka 2015 Adam Zeman wa Uingereza akalipa jina, afantasia. Sasa tazama kichekesho chake: mimi nisiye na picha kichwani ndiye ninayehitaji penseli kuliko wewe. Dodoso likaniita mtu wa maneno.

Turudi kwenye kitabu chako. Sura iliyokushinda, ya mtawanyiko, usiisome kwanza. Chora mistari miwili, kila mmoja kutoka 0 hadi 100. Kwenye wa kwanza weka nukta tano: 48, 49, 50, 51, 52. Kwenye wa pili weka 5, 20, 50, 80, 95. Wastani ni 50 kote kuwili. Umeona? Huo ndio mtawanyiko, na hapo kweli picha imeshinda aya nzima. Lakini utakapofika pale wanapozidisha kila tofauti kati ya nukta na wastani kwa yenyewe, mchoro utanyamaza. Hapo soma polepole, kwa sauti ukitaka: tofauti za chini ya wastani ni hasi, za juu ni chanya, ukizijumlisha hivyo hivyo zinafutana na kubaki sifuri, ndiyo maana lazima ishara ya hasi iondolewe kwanza. Sijapata kuona picha inayolisema hilo vizuri kuliko sentensi.

Jaribu na hizo nukta za mstari wa pili, uniletee jibu. Mimi nimepata 1170 kabla ya kutafuta kipeuo cha pili, nikigawa kwa 5. Kitabu chako kikigawa kwa 4 usishtuke, tutaligombania hilo tukionana.

Wako yule yule wa dawati moja