Kabla ya kutuhimiza tukimbie asubuhi, tuulizieni maji

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita ulitufundisha sisi wakaaji wa Goma namna ya kufika miaka mia: tutembee kila siku, tupunguze chumvi na mafuta, tulale vya kutosha, tuache sigara na pombe kali. Sina ugomvi na ushauri huo. Tansio, yaani shinikizo la damu, inawaangusha watu wazima humu mjini, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Tukihesabu na vile vidonge vya kuungia mchuzi tunavyovunjavunja kwenye sombe, wengi wetu tunapitisha bila kujua.

Ila kuhusu kutembea, njooni Katoyi au Ndosho saa kumi na mbili asubuhi mwangalie mama anayepanda na bidoni, yaani dumu la maji, la lita 20 mgongoni. Mazoezi anayo tele.

Kilichonikera ni kwamba ukurasa mzima ulitaja maji mahali pamoja tu, pale mlipotuambia tunywe glasi nane kwa siku. Glasi nane za maji gani?

Mimi ni mhamasishaji wa afya wa mtaa, sisi mnaotuita reko. Kila nikifungua mdomo kuhusu klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, hakosi mtu wa kuniambia kwamba wazee wetu kule Masisi waliishi miaka tisini bila dawa hiyo, kwa kula vya shamba tu. Kweli, wapo waliofika. Lakini mwulize mzee huyo mama yake alizaa watoto wangapi, na wangapi kati yao waliwahi kuoa au kuolewa. Utaona anaanza kuhesabu kwa vidole huku akitaja majina ambayo wajukuu hawajawahi kuyasikia. Inaposemwa kwamba mwaka 1900 wastani wa maisha duniani ulikuwa miaka 32 hivi, si kwamba watu walizeeka wakiwa na thelathini. Wastani ulivutwa chini na watoto waliokufa wadogo. Leo umepita 70. Na katika miji ya Ulaya na Marekani safari hiyo ilianza kwa maji safi, vyoo na chanjo, miaka mingi kabla penisilini haijaanza kutibu watu miaka ya 1940.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji uliokuwa umepakana nao mtaa kwa mtaa, uliguswa kidogo tu. Wote walikunywa maji ya mto Elbe, tena Altona iliyachota chini zaidi, mahali ambapo uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kumwagwa. Tofauti ni kwamba Altona iliyachuja kwa mchanga kabla ya kuyaingiza kwenye mabomba. Sidhani kama watu wa Altona walikula mboga kuliko jirani zao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Waliokuwa hapa Julai 1994 wanajua: wakimbizi kutoka Rwanda walikufa kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, wengi kwa kipindupindu, na makoro haya haya, mawe magumu ya volkano, yakakataa kuchimbwa makaburi. Makoro hayo ndiyo yanayotunyima mito, maana mvua ikinyesha maji yote yanazama chini, na sisi tunabaki na ziwa Kivu. Kuchimba choo nako ni vita. Unahitaji nyundo, patasi ndefu na pesa za vibarua wa siku nyingi, kwa hiyo wapangaji wa nyumba sita wanachangia kishimo kifupi kinachojaa upesi, na mvua kubwa ikija kinafurika hadi mlangoni.

Redioni tunaambiwa tuchemshe maji. Ni sawa kabisa. Hata hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, yakitokota vizuri dakika moja vijidudu vya kipindupindu haviponi. Lakini nani analipia makala, yaani makaa ya kupikia? Mtu akiwa na kopo moja la makala na maharagi hayajaiva, atapika maharagi. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wale vijana wanaotia klorini ukingoni mwa ziwa. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache: bomba la sindano, dawa ndani ya bidoni, anayefuata. Kisha maji yasubiri nusu saa. Yakiwa na matope, dawa inaishia kwenye uchafu, hivyo yaachwe yatulie na yachujwe kwanza. Shida nyingine naikuta nyumbani. Maji yaliyotiwa dawa vizuri yanamiminwa kwenye beseni lisilo na kifuniko, halafu mtoto aliyetoka chooni anachovya kikombe na mkono mpaka kiganjani. Hapo tabia njema ina kazi kubwa, na haigharimu kitu: maji yabaki kwenye bidoni yenye mdomo mwembamba, yamiminwe, yasichotwe. Sabuni karibu na choo. Chanjo za watoto zikamilike. Mtu akianza kuharisha maji matupu, apewe serumu ya kunywa, yale maji yenye chumvi na sukari, hapo hapo, akielekea kituo cha afya.

Ombi langu, Mhariri, ni nusu ya ukurasa huo kila wiki. Andikeni ni sehemu gani za ukingoni zina mtu wa klorini na zipi hazina. Andikeni bomba la mtaa gani limekauka na tangu lini, na bidoni moja inauzwa kiasi gani Ndosho, mbali na ziwa, ikilinganishwa na Himbi, karibu na ziwa. Mwandishi wenu apande huko juu mwenyewe, asipige simu tu. Wenye dhamana ya maji wapewe nafasi ya kujibu, na jibu lao litoke gazetini kama lilivyo, na tarehe waliyoahidi. Sisi mareko tutawaletea habari kutoka mitaani bila malipo. Kufanya kazi bila malipo tumekwisha kuzoea. Na kama nafasi ni ndogo, punguzeni ukurasa wa nyota.

Reko wa Katoyi,
Goma