Mjomba, vita haikupiganwa pale Boma

Shikamoo mjomba. Naandika hapa wazi maana kwenye simu hunipi nafasi, nikianza tu "lakini mjomba" unakohoa halafu unarudi kule kule kwa Wajerumani waliochapwa na Wabelgiji kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, eti pale Boma, ngome yao mjini Tabora. Sasa Jumamosi nimeenda Lulanguru, kwenye stesheni ya reli magharibi ya Tabora, kwa miguu yangu mwenyewe, yani nusu kwa miguu kweli, bodaboda ilipata pancha kwenye mchanga na dogo hana hata pampu, tukaisukuma kama tunapeleka mgonjwa.

Moja ulisema kweli, nikifika nisiulize vita, niulize stesheni. Kijana wa kwanza nilimuuliza vita ilipiganwa wapi, akaniuliza vita ya nani na nani? Nikasema basi stesheni, akanyoosha mkono hapo hapo.

Hamna kitu nilichoonyeshwa mjomba, si kibao si mnara, ni reli, mashamba na miombo basi. Ila miombo mwezi huu wa tisa inachipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijadondoka, na Wabelgiji walipigana hapa kuanzia tarehe 10 Septemba 1916, kwa hiyo na wao waliikuta hivi hivi. Nilisimama kwenye tuta naangalia upande wa Kigoma. Hiyo reli ilikuwa bado mpya, imefika Kigoma 1914 tu, na brigedi ya Wabelgiji chini ya kamanda Olsen ilipomaliza Kigoma na Ujiji ikaifuata kuja huku, Wajerumani wanarudi nyuma huku wanabomoa madaraja. Hapa walishikana mpaka tarehe 12. Kikosi kingine cha Wabelgiji kikashuka kutoka kaskazini, kikapigana Itaga, karibu na Tabora, tarehe 13 na 14. Mjini sasa? Usiku wa kuamkia tarehe 19 Jenerali Wahle, kamanda wa Wajerumani, alishatoa watu wake, asubuhi Wabelgiji wakaingia. Boma lako lilichukuliwa kama kiti kilichoachwa wazi.

Na nikisema Wabelgiji na Wajerumani unanielewa, maafisa ndo walikuwa wazungu, waliolala kwenye hayo mahandaki wengi ni Wakongo upande ule na askari wetu upande huu, halafu nyuma yao wapagazi, na kwenye upagazi Mnyamwezi alikuwa hakosi.

Kijijini nilikaribishwa na mzee mmoja, nikamwamkia mwangaluka akafurahi, mkewe akaleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga za kusaga, moto kabisa, inakwama kooni mpaka uisukume na maji. Nimekula bakuli mbili. Lakini mzee alikuwa ananiangalia begi. Mwisho akashindwa, akasogea karibu akaninong'oneza, "Umekuja na mashine?" Mashine gani? "Ya kupimia." Kumbe kijiji kizima wanajua nimefuata mali ya Mjerumani! Wamekuja watu wenye vifaa wamechimba usiku wakaacha mashimo, ng'ombe wa mtu akavunjika mguu, kwa hiyo sasa mgeni mwenye begi anahesabiwa.

Nikafungua begi wakaona chaja, kofia na chupa ya maji. Ila nikajiponza mwenyewe, nikawaambia kweli Mjerumani alitengeneza sarafu za dhahabu hapa Tabora mwaka huo huo 1916, rupia 15, zina tembo upande mmoja, dhahabu ya Sekenke, zikagongwa kwenye karakana ya reli. Mjomba, pale kimya. Kosa kubwa! Nilivyoondoka vijana wanne walinisindikiza mpaka kwa bodaboda wakiniuliza huyo tembo anaangalia upande gani.

Asali nimekuchukulia lita moja, nyeusi ile ya nyuki wadogo unayoipenda, ipo juu ya kabati. Ila haishuki mpaka unipigie useme kwa mdomo wako, Boma hapakupiganwa. Na bibi awe anasikia.