Long run (mazoezi ya mbio ndefu) ya Jumapili, someni kabla hamjalala

Wadau habari za jioni, Jumapili tunakutana Coco Beach saa 11 na nusu alfajiri, jua la Dar mnalijua, ikishafika saa 2 hapo hamna kukimbia tena ni kuvumilia tu, so plizi tusisubiriane parking. Tunaenda mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, mwendo wa kupiga stori, yaani kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema ujue umezidisha, punguza.

Wale wa Kili Marathon kilomita 21 nawaomba sana msizoee tambarare, kule Moshi mnapanda kwanza kuelekea Mweka ndo mnageuza mnashuka, na huko kushuka ndo kunakomaliza mapaja, kwa hiyo mwinuko wa daraja tutaurudia rudia mpaka miguu izoee. Raba mpya anzeni kuzivaa sasa hivi, sio siku ya mbio.

Wapya mliojiunga juzi karibuni mno, mkitembea tunatembea wote, mimi nitakuwa nyuma kabisa haachwi mtu. Maji kila mtu abebe yake, ndizi naleta mimi. Mwenye goti linalouma aniambie inbox mapema, asijikaze jamani.